Mwalimu Aliyesoma Nyayo

Wanafunzi wa kareti wakikutana baada ya miaka mingi hawazungumzi kareti. Wanazungumza adhabu. Keti jioni na waliopita mikononi mwa mwalimu mmoja hapa Malindi, kwenye baraza yoyote ya Shela, kahawa chungu imeshamiminwa, na kabla kikombe cha kwanza hakijakauka utasikia habari za pushapu za konzi juu ya kokoto, za kuruka kichura ufuoni jua la saa sita, za siku ile aliyowaacha wamechuchumaa kwenye msimamo wa mpanda farasi akaenda zake dukani kununua mkate, akarudi akawakuta mapaja yanatetemeka, akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa akaula wote mbele yao. Kila mwaka mkate huo huzidi urefu. Nilikuwapo siku hiyo. Ulikuwa nusu mkate, tena wa jana.

Nawapenda wasimulizi hawa, na baraza isiyo na chumvi haina haja ya kukaliwa. Ila kila nikiinuka pale huona tumetafuna maganda, embe lenyewe halijaguswa. Mvuvi anamkumbuka mtu mkali asiyecheka. Muuguzi, aliyejiunga akiwa msichana wa shule, anaapa hajawahi kumsikia akipaza sauti. Askari wa hoteli moja ya Casuarina anausifu ucha Mungu wake, kwamba mazoezi hayakuipita adhana ya magharibi hata mara moja. Mimi namkumbuka mtu wa kurudia, neno lilelile kwa sauti ileile, mpaka ukilisikia usingizini unanyoosha goti. Ukitusikiliza sote utadhani tulifundishwa na watu wanne, na wa tano, yule aliyetufundisha hasa, hakuna aliyemtaja.

Nami simtaji kwa jina. Wanaomjua wanamjua, na yeye hakuruhusu jina lake liandikwe hata kwenye tangazo la mazoezi. Tulimwita Mwalimu. Waliotoka Nairobi walimwita sensei, naye aliitika, lakini aliitika polepole.

Kareti yake ilikuwa Shotokan, aliyoipokea ujanani Mombasa. Japani hakufika. Hata hivyo nasaba ya mchezo alitukaririsha kwa bidii ya mtu wa pwani, asiyeweza kukubali elimu isiyo na silsila: Anko Itosu, mzee wa Okinawa aliyeingiza kareti mashuleni mwanzoni mwa karne ya 20 na kutunga kata tano za kuanzia kwa ajili ya wanafunzi, kisha Gichin Funakoshi, aliyezaliwa 1868, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekwenda Tokyo 1922 kuionyesha sanaa hiyo akiwa ameshapita miaka hamsini, akabaki huko hadi alipofariki 1957. Hilo la Funakoshi kuwa mwalimu wa shule ya msingi lilimpendeza mno Mwalimu. Alilirudia kila alipotuona tumeanza kujidhania wapiganaji.

Maana wengi tulikuja na dhana hiyo. Bruce Lee alikufa Julai 1973, wiki chache kabla ya Enter the Dragon kuanza kuonyeshwa, na miaka thelathini baadaye bado alikuwa hai kwenye mabanda ya video ya Kisumu Ndogo na Maweni, pamoja na warithi wake wote, DJ Afro akiwasemea kwa Kiswahili chenye mbwembwe kuliko mapigo yenyewe. Kijana alitoka bandani damu imemchemka, akaja ufuoni anataka teke la kuruka. Mwalimu akamsimamisha. Basi. Wiki ya kwanza kusimama, ya pili kusimama na kupumua. Wengi hawakuiona ya tatu.

Wazazi nao walikuwa na lao. Malindi imeumizwa na heroini kwa muda mrefu. Si bure kwamba The Omari Project, kituo cha kuwasaidia waathiriwa, kilianzia hapa katika miaka ya 1990. Mama aliyemleta mwanawe hakuuliza mikanda wala mashindano. Aliuliza saa: mnaanza lini, mnamaliza lini, na katikati hapo mtoto anaweza kutoka? Hoteli zilitaka walinzi na vilabu vya usiku vilitaka mabaunsa, na kijana aliyeweza kusema ana mkanda wa kahawia alisikilizwa kabla ya wenzake. Baada ya 2014, shambulio la Mpeketoni na maonyo ya nchi za nje yalipowafukuza watalii na hoteli zikaanza kufunga milango, baadhi ya walinzi hao walirudi ufuoni siku za kazi, mchana kweupe, wakafanya mazoezi kwa hasira. Mwalimu hakuwapa pole. Aliwaongezea kata.

Nguo zetu zilikuwa za marekani, kitambaa kilekile kigumu ambacho meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikikileta Unguja katika karne ya 19. Fundi cherehani wa sokoni aliazimwa sare moja halisi aitumie kama kielelezo, na kosa alilolifanya kwenye ya kwanza akalirudia kwa uaminifu kwenye zote: mkono wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Siku ya mtihani wa mikanda tulipokutana Bofa na wenzetu wa Kilifi na Takaungu, watu wa Malindi walijulikana kwa kifundo cha kushoto kilicho wazi.

Palipo na utajiri ni ufuoni, na hapo nitakaa kidogo.

Ratiba yake ilikuwa ya maji. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kwa karibu dakika 50, kwa hivyo mazoezi ya Jumamosi hayakuwa na saa maalumu. Uliangalia mwezi, au ulimuuliza mvuvi. Siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu, na ghuba ya Malindi huacha uwanja mpana kuliko kiwanja chochote ambacho serikali imewahi kutujengea. Mchanga wetu si mweupe kama wa Watamu au wa Bofa. Ni wa hudhurungi, mzito, wenye vimetameta, na umeletwa na Sabaki, mto uleule unaoitwa Athi kule juu karibu na Nairobi na Galana ukishapita Tsavo, unaochukua udongo wa mashamba ya watu wa bara na kuumwaga kwetu, hata ufuo umenenepa na majengo yaliyokuwa jirani na maji yamejikuta yako mbali nayo. Wageni huulalamikia. Mwalimu aliupenda kwa sababu moja: ukilowa, unashika unyayo na mipaka yake yote.

Kata aliifundisha hivi. Aliviringa suruali mpaka chini ya goti, akachomeka simbi mchangani, wewe ukasimama hapo. Heian Shodan, ile ya kwanza, ina miondoko 21. Unageuka kushoto, unakinga chini, unasonga na ngumi. Unageukia upande wa pili. Unasonga katikati hatua tatu huku mkono ukikinga juu ya paji la uso, ya tatu unapaza sauti. Unazunguka, na mambo yanaendelea hivyo kwenda na kurudi, na ukiifanya sawasawa unamalizia pale ulipoanzia, kwenye simbi. Yeye muda wote huo hakukutazama. Alitazama bahari, au alizungumza na wavuvi waliokuwa wakikunja jarife. Ukimaliza alisema, “Toka,” ukaruka kando usiharibu alama. Ndipo akaja, mikono ameifunga nyuma, akazifuata nyayo zako moja baada ya nyingine, huku akichuchumaa hapa na pale.

Mchanga ulimwambia mambo ambayo jicho halina wepesi wa kuyakamata. Kisigino cha nyuma kikiinuka wakati wa ngumi, kinachobaki ni vidole peke yake, vimezama, na nyuma yao hakuna kitu. Mguu unaosonga unatakiwa upite karibu na mwenzake ukichora upinde. Wangu uliacha mstari ulionyooka, wa mtu anayefupisha njia. Nyayo zilizopangana kwenye mstari mmoja, bila kuachiana upana wa nyonga, zilimaanisha kwamba mwenye nazo angeangushwa na mtoto kwa kusukumwa begani. Na kulikuwa na suala la kina. Anayeogopa huacha unyayo wa mbele ulio hafifu, kwa kuwa uzito wake ameubakisha nyuma, tayari kwa kukimbia.

“Njoo umtazame huyu aliyepita hapa,” alisema. “Unamjua?”

“Ni mimi, Mwalimu.”

“Mimi simjui. Namwona anapiga ngumi huku, lakini mwenyewe anakwenda kule.” Akaonyesha mjini kwa kidole gumba. “Hebu muulize kuna nini kule, mwanangu.”

Kisha akaokota kijiti akachora unyayo ulipostahili kuwa. Ulikuwa vidole viwili kutoka pale nilipokanyaga. Akaniweka juu ya mchoro, akanishika kisigino kwa kiganja, akakishusha taratibu mpaka kikagusa mchanga, na akakishikilia hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akainuka akasema neno lake: “Rudia.”

Sasa mwambie mtu wa kahawa alisimulie hilo. Hakuna cha kusimuliwa. Mtu mzima alinishusha kisigino. Adhabu ina mwanzo, ina mateso, ina mwisho, na ina mkate. Kisigino hakina lolote kati ya hayo, wala hakuna siku ninayoweza kuitaja kwamba ndiyo kilipotulia. Kilitulia polepole, nikiwa nawaza mengine, na kumbukumbu ya mtu haina ghala la kuhifadhi mambo yanayofanana. Huokota lililopasuka na kupiga kelele. Nadhani ndiyo maana baraza zetu zimejaa kokoto na jua. Tunasimulia kilichowezekana kusimuliwa, kisha baada ya muda tunaamini hicho ndicho kilichotokea.

Hapo ndipo nilipoelewa pia wale walimu wanne wa Shela. Nyayo za watu hazifanani. Mvuvi alisimama kwa upana wa mtu aliyekulia ndani ya ngalawa, miguu mbalimbali, nguvu tele na kasi hakuna, naye alihitaji kubanwa, kwa hivyo alibanwa. Yule msichana alikanyaga juujuu, na mtu anayekanyaga juujuu ukimpigia kelele ataacha kukanyaga kabisa. Mwalimu hakubadilika tabia kati ya mmoja na mwingine. Alikuwa akijibu alichokisoma chini. Ila kila mmoja wetu aliisikia sauti aliyojibiwa yeye, akaondoka nayo akidhani ndiyo mtu mzima.

Kulikuwa na mzee wa Lamu aliyeoa hapa, ambaye alasiri nyingine alikuja kutazama akiwa na bakora yake. Siku moja Mwalimu alimwomba atuonyeshe kirumbizi. Wasiokijua waelezwe kwamba kirumbizi ni mchezo wa fimbo, maarufu hasa Lamu wakati wa Maulidi na kwenye harusi: wachezaji wawili huingia katikati ya duara la watu, ngoma na zumari vikiwaongoza, na kila mmoja humtafuta mwenzake kwa bakora huku akijikinga. Anayetazama kwa mara ya kwanza huogopa. Fimbo hupita karibu na sikio na mlio wake husikika, lakini wachezaji wanazungukana kwa madaha, kanzu hazichafuki.

Mzee alimchagua mvuvi, ambaye wakati huo alikuwa na mkanda wa kijani na kifua cha kuuonyesha, akampa fimbo ya kuanikia nyavu iliyokuwa imelala pale. Mvuvi akarusha. Mzee akaikinga bila kuonekana amefanya kitu, na bakora yake ikawa imeshasimama kando ya shingo ya kijana, upana wa kidole kutoka kwenye ngozi, imetulia. Ikaondoka. Ikarudi, safari hii kwenye goti. Kisha ubavuni. Hakumgusa hata mara moja, na kila mara alingoja mpaka kijana ameiona.

“Kwa nini humpigi, babu?” askari aliuliza. Wakati ule hakuwa askari, alikuwa mwanafunzi wa darasa la nane mwenye maswali.

“Nimpige kwa nini? Si ameona?” mzee alisema. “Nikimpasua ataenda kwao kulia. Nikimwonyesha, atakwenda kufikiri.”

Mwalimu alicheka, jambo ambalo mvuvi mpaka leo anakana kwamba lilitokea. Kwa kuwa hayo ndiyo aliyokuwa akiturudia kila tulipopambana wawili wawili: pigo la uso lisimame kabla halijafika, na anayemgusa mwenzake ameonyesha tu kwamba hajui kupima. Tuliona ni kanuni ya kuwalinda watoto. Kumwona mzee wa miaka sabini na kitu akiishika kanuni hiyohiyo kwa starehe, bila ya kuwahi kusikia jina la Funakoshi, kulitunyamazisha kwa siku kadhaa. Umbali ulikuwa ndio ustadi wenyewe. Yeyote anaweza kufika. Kazi ni kufika na kusimama.

Lakini sitaki kumpamba Mwalimu kupita alivyokuwa. Alikuwa na fimbo ya mkwaju na aliitumia, miguuni na mgongoni, kwa waliochelewa na kwa waliojibu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Ufuoni habari hiyo ilikawia. Hapo huwa tunagombana barazani, na ugomvi wenyewe ni wa kweli.

“Yakhe, bila ile fimbo mimi leo ningekuwa teja,” mvuvi husema. “Wenzangu wa mtaa mzima uliwaona walivyokwisha.”

Siwezi kumkatalia maisha yake. Ila nakumbuka vizuri nyayo zangu za siku za fimbo. Zilikuwa hafifu mbele. Mtu aliyeweza kuchuchumaa mchangani akaisoma hofu yangu kwa kina cha unyayo, akaiona na kuitaja, alikuwa yuleyule aliyeitia saa moja kabla, na sidhani aliwahi kuziunganisha hizo mbili. Labda naye alifundishwa hivyo Mombasa. Muuguzi, ambaye hakuwahi kupigwa, hunyamaza tukifika hapa, na ukimya wake unanisumbua kuliko hoja za mvuvi, kwa sababu yeye ndiye aliyetoka na kareti nzuri kutushinda sote.

Wapo walimu wenye majina. Unguja wanaye Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia huko mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye akafundisha judo, mchezo alioasisi Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882. Habari zake zimeandikwa na ukumbi wake unajulikana. Namheshimu. Lakini judo inahitaji magodoro, magodoro yanahitaji paa, na paa linahitaji mtu wa kuliandikia barua. Mwalimu wa ufuoni hahitaji barua wala hapati, na akiacha kuja, maji yanapanda kama kawaida. Wetu ameacha. Magoti yamemshinda, amehamia upande wa Ganda kufuga mbuzi. Ukimtembelea atakupa maziwa na atakuuliza habari za mama yako. Kareti haitaji, usipoitaja wewe.

Ilikuwa mwaka 2021 nilipokiona kile alichotuachia, na sikukiona kwake. Kareti iliingizwa kwenye Olimpiki ya Tokyo, mara ya kwanza, na haikurudi tena Paris 2024. Kenya haikuwa na mtu humo. Kwenye michezo ya mapigano ya teke tulikuwa na Faith Ogallo peke yake, naye alikuwa wa taekwondo. Ijumaa tarehe 6 Agosti, tukiwa tumetoka kuswali, tulijikusanya barazani kwenye simu ya askari, vichwa vinne juu ya kioo kimoja, kutazama fainali ya kata ya wanaume. Ryo Kiyuna, mtu wa Okinawa kwenyewe, alishuka peke yake kwenye ukumbi wa Nippon Budokan usio na watazamaji kwa sababu ya korona, akafanya kata ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufundishwa. Mtindo si wetu. Miondoko si yetu. Hatukuwa na la kulinganisha.

Alipogeuka mara ya kwanza na kutua, sote wanne tulitoa pumzi kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa amesema neno. Nikainua macho. Walikuwa wanatazama chini ya kioo, kwenye pembe, wanakitazama kisigino cha nyuma. Mtu anarusha mikono kwa kasi ambayo kamera inaifuata kwa shida, uso wake unatisha, ulimwengu mzima unamtazama usoni, na watu wanne wa Malindi wamekodolea kisigino. “Kimekaa,” alisema muuguzi. “Kimekaa tangu mwanzo,” alisema mvuvi, yule wa kokoto, yule wa mkate. Kiyuna alipewa dhahabu mbele ya Mhispania Damián Quintero, nasi tulikuwa tumeshaitoa kabla ya waamuzi.

Kesho yake ilikuwa vita. Fainali ya uzito wa juu, Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa anaongoza 4 kwa 1, akampiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa lililomlaza kabisa, mpaka akatolewa kwa machela. Waamuzi wakamwondoa Hamedi kwa kukosa kujizuia, na dhahabu akapewa aliyekuwa amezimia. Baraza ilipasuka. Nusu ya mtaa, isiyojua kareti kitu, ilimtetea Msaudia kwa nguvu zote: mtu ameshinda, mwenziwe hata hasimami, iweje? Wapita njia wakaingizwa, kahawa ikapoa. Nilitarajia mvuvi awe upande wao, maana ndiye mpenda nguvu wetu. Alingoja wamalize. Kisha akanyoosha kidole na kukisimamisha karibu na shavu la kijana aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, karibu sana, bila kumgusa, na kijana akanyamaza katikati ya neno. Mvuvi hakueleza chochote. Sidhani alijua kwamba alikuwa ameshika mkono wa mzee wa Lamu.

Muuguzi sasa ndiye anayefundisha. Ana watoto wa Muyeye, wasichana wengi kuliko wavulana, jioni ambazo hana zamu, kwenye ukumbi wa kuazima wenye sakafu ya saruji. Ufuoni hawaendi tena. Vijia vya zamani vya kuteremkia baharini vimezibwa kimoja baada ya kingine na kuta za viwanja vya watu, na kuwazungusha watoto wadogo hadi palipo wazi ni kuwakosesha nusu ya mazoezi. Saruji haishiki unyayo. Kwa hiyo huwapaka watoto chaki nyayoni kabla ya kata, vipande vilivyobaki shuleni ambavyo mwalimu mmoja humwekea, na mtoto akimaliza humwambia atoke, naye huinama na kuzifuata alama nyeupe akiwa amefunga mikono nyuma.

Nilikwenda kumtazama. Wazazi wawili walikuwa wamekuja kulalamikia soksi na sakafu za nyumbani, naye aliwasikiliza kwa adabu na hakuwaahidi kitu. Nilimuuliza kama amewaeleza watoto chaki imetoka wapi. Akasema hapana, wameshajielezea wenyewe. Wanaamini ni desturi ya Japani, ya zamani sana, na wakubwa wanawafundisha wadogo hivyo, naye hajawasahihisha.